Kikohozi Ambacho Sikuwa Nacho

Bariadi, alasiri

Shija, ng'wanone, mwanangu,

Habari za soksi, sabuni, viazi vya njiani na jinsi ya kulala kwenye treni ukiwa umekumbatia begi, mama yako ameshazimaliza. Kwa ninavyomjua, atazirudia zote kesho basi likiwa limeshawashwa injini, na wewe utaitikia kama vile hujawahi kuzisikia. Mimi siongezi neno hapo.

Nimekaa nyuma ya ghala, kwenye kigoda cha bibi yako. Wewe bado uko Sola kwa shangazi yako ulikokwenda kuaga, na lori la pamba litakurudisha wakati wa magharibi. Yule beberu mweusi amefungwa kwenye nguzo ya zizi, analia, na kila mtu hapa nyumbani anadhani ni mbuzi wa kukuaga. Sijawaambia kitu. Nitakuambia wewe kwanza, huko chini, baada ya mengine, maana bila hayo mengine mbuzi huyu hataeleweka.

Wiki hii utafika Dar es Salaam kambini, na baadaye utavaa shati la taifa na kupanda ndege, mrusha mpira wa kasi kama baba yako. Ndivyo wanavyosema watu wa hapa wakinipongeza sokoni: kama baba yake. Ninatabasamu, ninasema wabeja, asante, ninanunua nyanya zangu na kuondoka haraka. Kwa sababu hufanani na mimi hata kidogo, Shija. Unarusha kwa mkono ambao mimi niliufunga kamba. Na juu ya mkono huo kuna jambo ambalo hulijui, nimekuficha, na sitaki uondoke nyumbani kwangu bila kulijua.

Hadithi zangu za kriketi umezisikia mpaka unaweza kunisahihisha. Unajua kwamba nilikuwa kibarua wa kubeba robota za pamba kiwandani, na kwamba Jumapili mashine zikizimwa, wenye maduka mjini na makarani wa kiwanda walikuwa wakicheza kwenye uwanja wa kuanikia pamba. Unajua kwamba siku moja mpira ulinifikia mimi nikiwa nimelala juu ya magunia, nikaurudisha kwa nguvu kwa sababu umenikatisha usingizi, ukaenda kuviangusha vile vijiti vitatu kwa mbali. Na unajua mzee Ramji wa duka la vitambaa alivyonijia anahema.

"Wewe, nani kakufundisha?"

"Ndege," nikamjibu.

Watu walicheka sana, lakini nilisema kweli. Mtoto wa Kisukuma aliyelinda mtama wa baba yake dhidi ya ndege, mkono wake umeshasoma. Kazi ya mzee Ramji ilikuwa kuniondolea tabia za shambani: kwamba ndege unamrushia unavyotaka, lakini kwenye kriketi kiwiko hakikunjwi, mkono unazunguka juu ya sikio ukiwa umenyooka, ukikunja, ampaya, yaani mwamuzi, anaukataa mpira wako mbele za watu. Kiangazi kizima aliniambia neno moja tu, "nyoosha", mpaka nikawa nalisikia usingizini.

Halafu Shinyanga, halafu Mwanza, halafu Dar es Salaam, halafu shati jeupe lenye nembo ya nchi kifuani, na Nairobi, na Lusaka. Mchana ule wa Lusaka nimekusimulia mara nyingi kupita kiasi, wapigaji wao walivyokuwa wakitolewa mmoja baada ya mwingine na beti zao za kupigia kwapani. Ulikuwa wa kweli. Sijaongeza chumvi, au nimeongeza kidogo tu. Hakuna kitu nilichowahi kukipata duniani kinachofikia zile hatua za mwisho kabla ya kuuachia mpira, ambapo mwili wote unakwenda mbele na hujui tena kama una miguu. Utanielewa. Wewe ndiye mtu pekee hapa Bariadi atakayenielewa, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa.

Nisichokusimulia ni jinsi nilivyoacha.

Nilikuambia ni mgongo. Nilimwambia mama yako ni mgongo, nikawaambia wenzangu kiwandani ni mgongo, mpaka wakaninyima robota nzito kwa huruma. Mgongo wangu haukuwahi kuuma, Shija. Umeniona nikibeba magunia ya mpunga mpaka juzi. Hukujiuliza?

Ilikuwa hivi. Nahodha wetu, mwalimu mmoja mpole wa sekondari, alikuwa na wimbo wake: "Maduhu, nikikupatia mwenzako wa kushoto, wapigaji wataomba likizo." Alisema kweli. Mpigaji amezoea mpira unaotoka upande mmoja. Ukimletea mtu wa mkono wa kushoto mwenye kasi, mpira unatokea upande asiouzoea, unapinda kumfuata miguuni, na miguu yake inaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Watu wa namna hiyo ni adimu. Tuliwatafuta kila mkoa.

Akapatikana. Kijana wa shule, mwembamba, mpole, anamwamkia kila mtu. Siku ya kwanza mazoezini nilishika beti nimpime. Mpira wake wa pili ulinivunja kidole gumba cha mguu, hiki kilichopinda ambacho ulipokuwa mdogo ulikuwa unakiita kichwa cha kobe. Kijana alikuja mbio kuninyanyua huku machozi yanamlengalenga, anasema samahani kaka, samahani kaka. Nikamsukuma.

Kidole kilipopona, nahodha aliniomba nimwonyeshe yule kijana namna ninavyoushika mpira, vidole vinavyokaa juu ya mshono ili upinde hewani. Nikamwonyesha uongo. Nilimpangia vidole vyake kwa mikono yangu mwenyewe, vibaya, kwa makusudi, na yeye akanishukuru. Haukupita muda aligundua mwenyewe namna iliyo sahihi, na hakuniambia kitu, wala hakunisema kwa mtu. Safari iliyofuata majina yaliposomwa, lake lilikuwemo na langu halikuwemo. Nikapanda treni kurudi na mgongo wangu wa kubuni.

Hilo ndilo funzo langu la kriketi, kama unataka moja. Kuna siku jina lako halitasomwa. Ikifika, rudi nyumbani useme halikusomwa. Mama yako atakupikia tu. Mimi niliogopa chakula cha huruma, nikaanza kula chakula cha uongo, na huo ukishauonja huachi kuutafuta.

Sasa nakuja kwako.

Ulizaliwa nyuma ya mapacha, Kulwa na Doto, ukaitwa Shija kama ilivyo desturi, na nilifurahi mpaka bibi yako akaniambia nipunguze kelele, mtoto alale. Ulipoanza kukaa tukaona. Kijiko, mkono wa kushoto. Kibuyu, wa kushoto. Ukimpa mgeni kitu, wa kushoto, na mgeni anaangalia pembeni. Bibi yako akasema mtoto asizoeshwe kula na kupokea kwa mkono huo, watu watatusema. Alisema hivyo tu. Miaka yote hii nimeacha familia ichukulie kwamba kamba ilikuwa ya bibi. Kamba ilikuwa yangu. Niliukata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, nikaulainisha kwa samli, nikaufunga mkono wako wa kushoto kiunoni kila asubuhi, na si wakati wa kula peke yake. Bibi yako alitaka ugali uliwe kwa kulia. Mimi nilitaka mrushaji. Nilitaka mkono wangu wenyewe uzaliwe upya, uende ukamalize pale nilipoachia.

Nilijua thamani ya mkono wa kushoto uwanjani kuliko mtu yeyote katika wilaya hii. Haikunijia kwamba unaweza kuzaliwa nyumbani kwangu. Au ilinijia, nikaifukuza. Sijui. Nimejiuliza sana na bado sijui.

Alama iliyobaki kwenye kifundo cha mkono wako, nimekusikia ukiwaambia watu kwamba uliungua na chungu. Umenistiri tangu ukiwa mtoto wa darasa la pili, na hakuna aliyekutuma.

Ulipokuwa na nguvu za kutosha nikakupeleka kwenye uwanja wa kuanikia pamba na mpira wangu wa zamani. Nyoosha, nikakuambia. Ukanyoosha mkono wa kulia, na mpira ukaenda kwa mbuzi. Kila jioni ulikwenda kwa mbuzi, kwa kuku, kwa mama wauza dagaa. Nilikuwa nakuona unavyojitahidi, unauma ulimi, mwili unataka kwenda huku mkono unakwenda kule, na badala ya kukuonea huruma nilikasirika. Kisha ile siku ya mnada, wafanyabiashara wa ng'ombe wamesimama wanatutazama, nikasema kwa sauti:

"Mtoto huyu ana mikono miwili na hana hata mmoja."

Walicheka. Watoto wenzako wakalichukua, wakawa wanakuita Hanammoja, ukienda kisimani, ukienda shule. Jina hilo lilikuwa langu, nililitunga mimi, na nililisikia likiitwa nje ya uzio wangu nikanyamaza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo usipopajua.

Mwaka ule mpunga ulikubali sana kule bondeni, na ndege wakashuka kama wameitwa. Wewe ulikuwa unalinda. Adhuhuri moja mama yako alikuwa na homa, nikakuletea chakula mwenyewe, nikapita njia ya juu, ile inayotokea nyuma ya matete. Nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umeshuka kutoka kwenye dungu la kulindia, umesimama kwenye tuta, una donge la udongo mkononi. Ukakimbia hatua zako kwenye tuta, ukaruka, na mkono wa kushoto ukazunguka juu ya sikio umenyooka, umenyooka kabisa, kama mzee Ramji angekuwa hapo angelia. Donge lilikwenda mpaka mwisho wa shamba na kundi zima la ndege likainuka. Ukachukua jingine. Hukuwa unafukuza ndege tena. Ulikuwa umechomeka vijiti vitatu kule mwisho, na ulikuwa unavipiga.

Nilisimama kwenye matete na sufuria ya chakula. Niliona kila kitu mara moja: kwamba hukuwa mvivu, wala mzembe, kwamba ulikuwa mrushaji kuliko nilivyowahi kuwa, na kwamba ulikuwa umejificha shambani kufanya kitu ambacho baba mwingine angekufanyia karamu. Ningeweka sufuria chini nikakuita. Ilikuwa hatua chache tu. Lakini nilichokiona nilipoutazama mkono ule, ng'wanone, Mungu anisamehe, ni yule kijana mwembamba wa Dar. Niliona mkono ulioninyang'anya nafasi yangu, umevaa shati la mwanangu. Nikaona wivu. Kwa mtoto wangu, mwenye kaptula iliyotoboka.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye kona ya njia. Halafu nikakohoa.

Nilikohoa kwa nguvu, ili unisikie nakuja. Nilipotokea ulikuwa umeshavichomoa vijiti na unawarushia ndege kwa mkono wa kulia, vibaya, donge linaangukia miguuni mwako. "Shikamoo baba." "Marahaba. Kula." Nikakaa pembeni yako ukala, kwa mkono wa kulia, nami nikatazama mpunga.

Tangu siku hiyo nilikohoa kila nilipokaribia shamba. Nilikohoa nikikaribia uwanja, nikikaribia zizi, mahali popote ambapo ungeweza kuwa peke yako na kitu cha kurusha. Msimu ule, na uliofuata, na mwingine. Mama yako akasema nina kifua. Akanichemshia tangawizi, akanichemshia mwarobaini, nikanywa uchungu ule wote bila kukunja uso, nikiona ni haki yangu. Alinipeleka mpaka zahanati. Mganga akaweka mpira wake wa kusikilizia mgongoni mwangu, akasikiliza, akasema kifua ni safi kama cha kijana. Mama yako akasema mganga huyo hajui kazi.

Sikuwa na kikohozi, Shija. Wewe ulidhani unanificha. Mimi nilikuwa nakusaidia kunificha, ili nisilazimike kuona. Ulikuwa unabeba hofu ya mtoto anayemdanganya baba yake, na ningeweza kukutua mzigo huo siku yoyote kwa kunyamaza tu njiani.

Yaliyofuata unayajua vizuri zaidi yangu. Kiwanda kikasimama, tukapunguzwa kazi, halafu ikaja ruksa ya biashara huria, na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na malori yao, watu wasiojulikana na ushirika wala na mtu. Nilikuwa nawasema sana siku zile, unakumbuka, kwamba wametuletea vurugu. Lakini ni mmoja wao, yule kijana Jayanti aliyekuja kutoka Mwanza kununua pamba, na mfuko wa beti kwenye kabini ya lori, aliyekutazama mara moja na kukuona. Mgeni, aliyekuja kwa shughuli zake, aliona Jumapili moja kile ambacho baba yako alikuwa akikikoholea. Mkafanya mazoezi kwa siri. Mama yako akakutafutia suruali nyeupe kwenye mitumba mnadani, akaniambia ni ya kwaya. Nikakubali kwamba ni ya kwaya. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kukubali.

Na ilipokuja barua kwamba umechaguliwa timu ya mkoa, ukaja nyumbani ukapiga magoti uani. Bibi yako alikuwepo, baba yako mdogo Nkwabi alikuwepo, mimi nimekaa hapa hapa kwenye kigoda. Ulikuwa umeshakuwa mtu mzima, una ndevu.

"Baba, nimekukosea. Nimekudanganya miaka mingi. Ninarusha kwa mkono wa kushoto. Nisamehe."

Bibi yako ndiye aliyeongea kwanza. "Mimi nilisema ugali," akasema. "Nani alizungumzia mpira?"

Nilijua anayetakiwa kumjibu ni nani. Baba yako mdogo, ili kuniokoa, au kwa sababu ndivyo inavyofanyika, akasema kwamba mtoto akimdanganya mzazi analipa mbuzi, mambo yanaisha, watu wanakula pamoja. Wote wakanitazama mimi. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema, "Nilijua." Badala yake nilishika kidevu kama mtu anayepima kosa zito, halafu nikasema, "Alete."

Ukaleta. Ulimnunua kwa pamba uliyoichuma mwenyewe. Akachinjwa, na maini nikapewa mimi kwa kuwa ndiye niliyekosewa. Nikayala yote, Shija, mbele yako. Nikakuwekea mkono kichwani nikakusamehe. Nawe ukalia kwa furaha, ukasema wabeja baba, na usiku ule ulilala usingizi ambao nadhani hukuwa umeulala tangu utoto. Mimi nilikusikia unakoroma.

Sijawahi kutenda baya kuliko hilo. Kamba ilikuwa ujinga. Kikohozi kilikuwa woga. Lakini kukaa kwenye kigoda nikakusamehe kosa langu mwenyewe, nikala na nyama yake, hilo silipatii jina.

Tangu hapo hujaniona hata mara moja kwenye uwanja wako. Ulipocheza Mwanza nilisema ng'ombe wanaumwa. Ng'ombe nao walikuwa wazima. Nyumba hii haina hata nusu ya magonjwa niliyoyataja.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, wala sikuombi unisamehe leo. Usiharakishe. Wewe una moyo mwepesi wa kusamehe, umeutoa kwa mama yako, na mimi nimeshautumia vibaya mara moja. Beba jambo hili uende nalo. Likikukasirisha ukiwa kambini, kasirika, ila usilipeleke kwenye mpira. Nimewahi kumrushia mtu kichwani kwa hasira za nyumbani, nikampata tayani, na sura yake akiwa ameshika mdomo ninayo mpaka leo. Kasi haihitaji hasira. Ulikuwa nayo shambani ukiwa peke yako, na hukuwa umemkasirikia mtu.

Na siku atakapokuja kambini kijana mwembamba anayemwamkia kila mtu, na ukaona wivu unakupanda, ujue ni mimi huyo niko ndani yako. Mshike vidole umpangie kwenye mshono, umpangie sawasawa.

Sasa mbuzi. Huyu beberu mweusi si wa kukuaga, ni faini yangu. Nimemwita baba yako mdogo Nkwabi na wote waliokuwepo siku ile, wanakuja jioni hii wakidhani ni sherehe. Kabla hajachinjwa nitasimama uani niseme mbele yao nilichokuandikia hapa, kuanzia kwenye matete. Bibi yako atanisema na nitamsikiliza mpaka amalize. Mama yako atakumbuka mwarobaini, na hapo sijui nitajificha wapi. Nimekuandikia kwanza ili usishtukizwe mbele ya watu, na kwa sababu najijua: ulimi wangu ukikwama, wewe uwe umeshajua hata hivyo. Maini ni yako. Ukipenda kuyala kwa mkono wa kushoto, nitakushikia sahani mimi.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Isome kabla hujatoka kuja uani.

Na ombi la mwisho, ambalo unaweza kulikataa. Basi linaondoka asubuhi. Kabla ya hapo, kukianza kupambazuka, nitakuwa kule kwenye uwanja wa kuanikia pamba na ile beti aliyokuachia Jayanti. Vijiti vitatu nitakuwa nimeshavichomeka, na mpira wangu wa zamani nitauacha pale unapoanzia kukimbia. Njoo unirushie. Kwa kushoto, kwa kasi yako yote. Usinionee huruma, kidole kimeshavunjika, hakina la kupoteza. Usipokuja nitaelewa, nitavichomoa vijiti nije nikubebee begi mpaka stendi, na hatutalitaja.

Lakini ukija, Shija, usitazame nyuma kuangalia nani anakuja njiani. Nitakuwa mbele yako, nimesimama, nakutazama. Sitakohoa.

Baba yako,
Maduhu